Fedha zinazoingia kutoka nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha Tanzania na Komoro

Nasomesha uchumi kidato cha tano na cha sita hapa Chake Chake, Pemba. Kila mwaka tukifika kwenye urari wa malipo, yaani daftari la malipo kati ya nchi na ulimwengu, huwapa wanafunzi kazi moja: chukua Tanzania, chukua Komoro, linganisha fedha ambazo nchi hizi mbili zimepokea kutoka nje kwa muda wa miaka thelathini hivi. Wanarudi na grafu nzuri na hitimisho za ajabu. Haya ni maswali yao, pamoja na machache ya wazee wa baraza, ambao mara nyingi huuliza vizuri zaidi kuliko wanafunzi.

Maalim, kwa nini Komoro na si nchi nyengine?

Ni majirani, na Wangazija, watu wa kisiwa kikubwa cha Komoro, wamo mitaani mwetu kwa vizazi. Hata mazao yetu yanafanana: wao wanauza vanila, langilangi na karafuu, na sisi karafuu ndiyo tunu yetu. Lakini sababu ya darasani ni kwamba nchi hizi mbili zimekaa ncha mbili za kamba. Moja kubwa, fedha za jamaa walio nje ni tone kwenye uchumi wake. Nyengine ndogo, bila ya fedha hizo masoko yake yangelala. Mwanafunzi akiweza kulinganisha hizi bila kujikwaa, nyengine zote zitamwendea rahisi.

Tunazungumzia fedha gani khasa?

Hapa ndipo wengi wanapopotea mapema. Nchi hufungua daftari la malipo yake na ulimwengu kwa kanuni za Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na toleo la sita la kanuni hizo lilitoka 2009. Upande wa malipo ya kawaida una droo nne. Ya kwanza ni bidhaa: karafuu zinatoka, mchele unaingia. Ya pili ni huduma: mtalii analala Nungwi, meli inabeba mizigo yetu. Ya tatu inaitwa mapato ya msingi, yaani malipo ya kazi na mtaji: mishahara ya muda mfupi, riba, faida ya wenye hisa. Ya nne ni mapato ya pili, ambayo zamani yaliitwa uhamisho: fedha inayotolewa bila ya kudai bidhaa, huduma wala mali badala yake. Fedha ya jamaa aliye Muscat, msaada wa serikali kwa serikali, sadaka ya taasisi ya Kuwait, zote zimo humo.

Watu husema "fedha kutoka nje" na kuzichanganya droo ya tatu na ya nne. Kwa Tanzania kosa hilo ni baya sana, kwa sababu droo ya tatu huwa hasi na ya nne huwa chanya. Ukizijumlisha unapata namba isiyomwambia mtu kitu, mfano wa kuchanganya chumvi na sukari ndani ya kopo moja kwa kuwa zote ni nyeupe.

Na neno "halisi"? Kitabu kinasema "uhamisho halisi".

Mimi silipendi. Kwa Kiswahili chetu cha takwimu "halisi" limebebeshwa kazi mbili: mara ni kilichobaki baada ya kutoa kinachotoka, mara ni thamani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Hizo ni habari mbili. Kwa hiyo hapa nasema "salio": kilichoingia, toa kilichotoka.

Dada yangu anafanya kazi za nyumbani Muscat, anatuma kila mwezi. Anaingia droo ipi?

Inategemea amekaa muda gani, au amekusudia kukaa muda gani. Mstari umechorwa kwenye mwaka mmoja. Akiwa na mkataba wa miaka miwili, kwa hesabu hizi yeye ni mkaazi wa Oman, hata kama pasi yake ni ya Tanzania na moyo wake uko Wete. Mshahara anaolipwa kule ni habari ya Oman na Oman. Kinachovuka mpaka ni kile anachokutumia wewe, na hicho kinaingia droo ya nne.

Lakini mchukue mvuvi wetu wa dago. Anavuka kwenda Shimoni msimu wa kaskazi, anakaa miezi mitatu, anarudi. Huyo hajaacha kuwa mkaazi wa huku. Akiwa ameajiriwa kwenye chombo cha Mkenya, ujira wake wote ni mapato ya msingi, droo ya tatu. Akiwa na chombo chake mwenyewe na anauza samaki kule, hayo ni mauzo ya bidhaa, droo ya kwanza. Watu wawili wametoka bandari moja, wamerudi na fedha sawa mfukoni, na daftari limewaweka mbalimbali.

Na mimi nikimtumia mwanangu ada ya chuo Malaysia?

Si uhamisho. Mwanafunzi aliyeko nje hubaki mkaazi wa kwao hata akisoma miaka sita, na mgonjwa aliyekwenda kutibiwa India ni hivyo hivyo. Ada na chakula chake ni huduma mliyoinunua nje. Gharama za Hija pia huhesabiwa kuwa safari, yaani huduma, wala si sadaka.

Kisima cha sadaka je? Na nyumba?

Kisima kimejengwa na wahisani wa Ghuba, hakidaiwi kitu. Ni uhamisho, ndiyo, lakini kwa kuwa fedha imefungwa kwenye kitu cha kudumu, kanuni zinautaka uandikwe kwenye hesabu ya mtaji, nje kabisa ya malipo ya kawaida. Futari inayogawiwa Ramadhani hubaki droo ya nne.

Nyumba ndiyo inayowashangaza watu. Kaka aliye London akikutumia fedha ukamalizia nyumba yako, huo ni uhamisho wa jamaa kwa jamaa. Kaka huyo huyo akinunua nyumba yake mwenyewe Fumba, akaandikwa yeye kwenye hati, yeye ni mkaazi wa Uingereza aliyewekeza Tanzania, na fedha hiyo ni uwekezaji wa moja kwa moja. Haimo kwenye salio tunalolinganisha. Kwa hiyo ukiona Unguja inajengwa kila kona na mstari wa uhamisho haupandi, usikimbilie kusema takwimu zinadanganya.

Mjomba yuko Dar es Salaam, anatuma zaidi kuliko aliyeko Mombasa. Mbona wa Dar hahesabiwi?

Swali hili aliuliza mzee mmoja barazani, na nililala nalo.

Kwa mama aliyeko Konde simu inalia mlio ule ule. Ujumbe unasema umepokea kiasi kadhaa, anakwenda kwa wakala, anatoa, ananunua unga. Lakini urari wa malipo ni wa Tanzania nzima, na Dar es Salaam iko ndani ya ua. Fedha ya Mombasa imevuka mpaka wa nchi, ya Dar imevuka bahari tu. Kwa wakaazi wa Pemba, ambao wametawanyika Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, Dubai na Oman, sehemu kubwa ya fedha inayowashika mkono haitaonekana kamwe kwenye namba ya "kutoka nje". Haikufichwa na mtu. Swali la namba ni jengine tu.

Wakomoro nao wana lao, na limepinda zaidi. Visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, vilipata uhuru 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Serikali ya Moroni inasema Maore ni ardhi yake. Lakini Maore inatumia euro na imo ndani ya uchumi wa Ufaransa, kwa hiyo Mnzwani aliyehamia Mamoudzou, huko Maore, akimtumia mama yake aliyeko Mutsamudu, Nzwani, kwa kanuni hizi ni fedha iliyotoka nje. Siasa inasema ni nyumba moja, daftari linasema ni nyumba mbili. Huku kwetu visiwa na Bara ni daftari moja, na fedha inayovuka maji haionekani. Ulinganishapo nchi hizi mbili, jua kwamba mipaka yao haikukatwa kwa mkasi mmoja.

Nimechora. Tanzania iko juu sana, Komoro haionekani. Basi Tanzania ndiyo inayopokea zaidi?

Kwa dola tupu, ndiyo. Lakini umelinganisha ng'ombe na kuku kwa kuhesabu kilo za nyama.

Tuchukue fedha za jamaa peke yake. Pato la Taifa la Komoro mwaka 2023 lilikuwa kama dola bilioni 1.3, na fedha zitumwazo na jamaa walio nje ni karibu moja ya tano ya pato hilo. Fanya hesabu: ni kama dola milioni 260. Pato la Tanzania mwaka huo lilikuwa kama dola bilioni 79, na fedha za jamaa ni kama asilimia 1 au chini yake. Hata tukiwapa Tanzania asilimia 1 kamili, ni dola milioni 790. Mara tatu ya Komoro, na grafu yako imesema kweli.

Sasa gawa kwa watu. Komoro haifiki watu milioni 1. Sensa yao ya 2017 ilihesabu 758,316. Kila mmoja anaangukiwa na zaidi ya dola 260 kwa mwaka. Tanzania sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kila mmoja anapata chini ya dola 13. Grafu imepinduka kichwa chini.

Ipi sahihi? Ukiuliza benki kuu zina fedha za kigeni kiasi gani, tumia dola tupu. Ukiuliza nyumba za watu zinaishije, gawa kwa vichwa. Ukiuliza uchumi utayumba vipi Ufaransa ikikohoa, tumia asilimia ya Pato la Taifa. Mwanafunzi anayechora moja tu bila kusema anauliza nini, nampa alama nusu.

Mstari wa Komoro unapanda sana kati ya 2000 na 2008. Wakomoro wengi walihama miaka hiyo?

Kabla ya kuhesabu watu, angalia sarafu. Nalipenda swali hili kuliko yote, na kila mwaka kuna anayenasa.

Jamaa wengi wa Wakomoro wako Ufaransa, wengi wao Marseille. Wanatuma euro. Faranga ya Komoro imefungwa kwa euro tangu 1999 kwa kiwango kisichobadilika: euro 1 ni faranga 491.96775. Kwa hiyo mtu wa Marseille aliyetuma euro 100 mwaka 2000, na akatuma euro 100 mwaka 2008, mama yake Moroni alipokea faranga 49,197 mara zote mbili. Kwake hakuna kilichopanda.

Lakini takwimu za kimataifa huandikwa kwa dola. Mwaka 2000 euro ilikuwa dhaifu, wastani wake kama senti 92 za dola. Mwaka 2008 wastani ulikuwa kama dola 1.47. Euro zile zile 100 zimegeuka kutoka dola 92 kuwa dola 147, na mstari umepanda kwa karibu asilimia 60 bila ya mtu mmoja kuongeza senti. Kisha 2022 euro ikashuka hadi kama dola 1.05, na mstari wa dola unavutwa chini hata kama watu wametuma vile vile.

Nyuma zaidi, Januari 1994, kuna kigingi chengine. Faranga ya Komoro ilikuwa imefungwa kwa faranga ya Ufaransa, 50 kwa 1. Ilishushwa ikawa 75 kwa 1. Aliyekuwa akipokea kutoka Ufaransa siku hiyo aliongezewa nusu kwa sarafu ya nyumbani, huku bei za vilivyoagizwa kutoka nje nazo zikimkimbilia.

Kwa Tanzania hakuna mambo hayo?

Yako, kwa sura nyengine. Shilingi yetu leo haifungwi kwa sarafu ya mtu; zamani serikali ndiyo iliyopanga bei yake. Katikati ya miaka ya 1980, kabla ya mageuzi ya 1986, dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa chini ya shilingi 20. Mwaka 2020 ilikuwa kama 2,300. Ukichora uhamisho wa Tanzania kwa shilingi bila kuondoa mfumuko wa bei, utapata mlima usiopandika, na wote ni upepo. Na miaka ile ya bei ya serikali, mtu mwenye akili yake hakupitisha dola benki wakati mtaani alipewa zaidi mara kadhaa. Kwa hiyo sehemu ya kushoto ya mstari wa Tanzania imechorwa na waliolazimika kupita benki.

Asilimia ya Pato la Taifa ya Tanzania imeshuka ghafla kwenye toleo jipya la takwimu. Fedha zimepungua?

Pengine kilichoongezeka ni kigawanyio. Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadilisha mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia, kuwa 2007, na Pato la Taifa likaonekana kubwa zaidi kwa karibu theluthi. Mwaka 2019 ikahamia 2015. Hakikisha miaka yote uliyoichora imegawanywa kwa toleo moja.

Mbona uhamisho wa Tanzania unapanda na kushuka kama mawimbi ya kusi?

Kwa sababu kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyokuwa mpokeaji mkubwa kwenye droo ya nne, kuliko familia. Miaka ya 2000 wahisani walikuwa wakimimina fedha moja kwa moja kwenye bajeti. Oktoba 2014 lilipolipuka sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, wahisani 12 walizuia karibu dola milioni 490 za kusaidia bajeti. Baada ya hapo msaada wa aina ile haukurudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mstari wa Tanzania unasoma zaidi hali ya hewa kati ya Dar es Salaam na miji mikuu ya Ulaya, na wa Komoro unasoma zaidi pochi za watu wa Marseille. Ndiyo maana nasema kila mara: kabla ya kulinganisha salio, ligawe kati ya serikali na watu binafsi. Bila hivyo umelinganisha mabalozi na mama zetu.

Msamaha wa madeni usiutafute hapo. Tanzania ilimaliza mpango wa nchi masikini zenye madeni makubwa Novemba 2001 na ikasamehewa zaidi 2006. Komoro ilimaliza Desemba 2012. Misamaha hiyo huandikwa hesabu ya mtaji, kama kisima chetu.

Mapato ya msingi ya Tanzania ni hasi. Tunaibiwa?

Hasira hiyo naijua, na wakati mwengine ina haki yake, lakini daftari halithibitishi wizi. Hasi maana yake ni kwamba malipo tunayowapa wageni kwa mtaji na kazi yao yanazidi wanayotulipa sisi. Kuna riba ya madeni. Kuna faida za migodi ya dhahabu. Kwa Unguja kuna faida za hoteli.

Na kuna kichekesho kimoja. Mwenye hoteli wa Kitaliano akipata faida asiipeleke kwao, akaongeza vyumba vyengine ishirini pale pale Kiwengwa, kanuni zinasema faida ile ni ya mwekezaji wa nje: iandikwe kwanza kuwa imetoka, droo ya tatu, kisha iandikwe kuwa imerudi, kwenye hesabu ya fedha, yaani ile ya uwekezaji na mikopo, kama uwekezaji mpya. Hakuna shilingi iliyopanda ndege, na salio letu limezidi kuwa hasi.

Nchi tajiri nazo huwa hasi. Ayalandi imejaa makampuni makubwa ya kigeni, na mapato ya watu wake ni madogo sana kuliko thamani inayozalishwa ndani ya nchi yao. Hakuna anayewaita masikini.

Basi nchi yenye uhamisho mkubwa ndiyo iliyoneemeka?

Fikiria nchi inayozalisha vitu vya 100 na kupokea 20 kutoka kwa jamaa. Ina 120 za kutumia. Nyengine inazalisha 119 na kupokea 1. Nayo ina 120. Zimelingana mwaka huu, na ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege 2020 ungeweza kuzigusa kwa namna mbili kabisa.

Komoro fedha nyingi inakwenda kwenye wali, ada za skuli, saruji, na ile harusi kubwa ya Ngazija wanayoiita anda, ambayo mtu hujiwekea miaka mingi. Kila Julai na Agosti jamaa wa Ufaransa hurudi kwa harusi hizo; wenyeji wamewabatiza "je viens". Kwa kuwa mchele, saruji na dhahabu vyote vinaagizwa, fedha inayoingia droo ya nne inatokea mlango wa droo ya kwanza. Sisemi wanakosea. Anayesema anda ni upotevu ahesabu kwanza harusi za hapa Chake.

Fedha zinazoletwa mkononi zinahesabiwa?

Kwa kanuni, zinapaswa. Kwa vitendo, nani azione? Dada anayerudi likizo na bahasha ndani ya mkoba, hawala wa Dubai, jamaa anayekutumia simu mbili ukaziuze mwenyewe: vyote ni uhamisho, na vingi havipiti benki. Benki kuu hukadiria, na kinachobaki bila maelezo hutupwa kwenye mstari wa mwisho wa makosa na mapungufu.

Athari yake kwa mlinganisho wa miaka ni kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rekodi ya Tanzania ilionyesha mamilioni machache tu ya dola ya fedha za jamaa. Muongo mmoja baadaye ilikuwa mamia ya mamilioni. Mimi nilikuwapo miaka yote hiyo, na watu walituma tangu zamani. Kilichobadilika zaidi ni jicho la mhesabuji na njia ya fedha: kampuni za kutuma fedha zilifika, kisha pesa za simu.

Ada nazo husukuma watu kwenye bahasha. Malengo ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama ya kutuma ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na Afrika kusini mwa Sahara bado ni ghali kuliko kwengine kote. Kutuma kutoka Tanzania kwenda Kenya au Uganda imo miongoni mwa njia ghali zaidi duniani. Sisi na majirani zetu!

Kenya je? Wanasema wao wanapokea kuliko wote.

Kwa Afrika Mashariki, ndiyo. Benki Kuu ya Kenya hutoa namba kila mwezi, na mfululizo wake unaanzia 2004. Mwaka 2019 walipokea kama dola bilioni 2.8, 2020, mwaka wa maradhi, wakapanda hadi kama bilioni 3.1, 2023 kama bilioni 4.2, 2024 kama bilioni 4.9. Marekani peke yake ni karibu nusu. Ukitaka mlinganisho wa nchi zilizokaribiana kwa ukubwa, Kenya na Tanzania ni nzuri kuliko Komoro. Mimi nachukua Komoro kwa makusudi, kwa sababu mitego yote imo.

Zanzibar ina salio lake? Na Pemba?

Zanzibar, ndiyo. Benki Kuu ya Tanzania katika taarifa yake ya uchumi ya kila mwezi huweka sehemu ya Zanzibar, na humo kuna malipo ya kawaida na droo zake nne. Miaka hii huonyesha ziada, na inayoibeba ni huduma, yaani utalii. Droo ya nne ni nyembamba. Pato la Zanzibar utalipata kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Pemba peke yake haina urari wa malipo unaotolewa. Ukitaka kujua, kaa kwa wakala wa pesa za simu Konde siku mbili kabla ya Sikukuu.

Nianzie wapi, Maalim? Kesho ni mwisho wa kukusanya.

Mwanangu, ungeanza wiki iliyopita. Fungua hazina ya takwimu ya Benki ya Dunia utafute kwa msimbo, si kwa jina, maana majina hubadilika. NY.TRF.NCTR.CD ni salio la mapato ya pili kwa dola. NY.GSR.NFCY.CD ni salio la mapato ya msingi. BX.TRF.PWKR.CD.DT ni fedha za jamaa zilizopokelewa, na BX.TRF.PWKR.DT.GD.ZS ni hizo hizo kwa asilimia ya Pato la Taifa. Chagua Tanzania na Komoro, pakua, kisha acha mapengo yaliyomo yabaki mapengo. Usiyaunganishe kwa rula kama alivyofanya mwenzako mwaka jana, akapata mstari mnyoofu wa miaka kumi ambao haukuwahi kuwapo.

Namba zangu hazilingani na za rafiki yangu aliyepakua mwaka jana. Nani kakosea?

Hakuna. Benki kuu husahihisha miaka ya nyuma kila zikipata taarifa mpya. Andika chini ya grafu tarehe uliyochukua namba, na mwambie rafiki yako aandike yake.